Dada yangu ana MS, na wifi mtarajiwa anataka nipimwe jeni

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 27, kitinda mimba nyumbani kwetu. Mwaka jana dada yangu mkubwa aliamka jicho moja likiwa na ukungu, na likimuuma kila akiligeuza. Baada ya wiki kadhaa likapata nafuu, tukasahau. Kisha miguu ikaanza kufa ganzi. Alipigwa picha ya MRI ya ubongo na uti wa mgongo, akatolewa maji ya uti wa mgongo yakapimwe, na daktari akatuambia ni maltipo sklerosisi, yaani MS, ugonjwa wa neva za ubongo na uti wa mgongo. Yuko kwenye dawa na bado anakwenda kazini.

Mimi natarajia kuolewa. Dada wa mchumba wangu amesoma mahali kwamba MS ni ugonjwa wa jeni, na kwamba jeni yenyewe inaitwa HLA. Alinivuta pembeni akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba ingefaa nipime kabla ya ndoa ili kila mtu ajue anaingia wapi. Nilipomuuliza kama hilo ni sharti, akacheka, akasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Mchumba wangu hajui kwamba tulizungumza.

Tangu siku hiyo sipati usingizi vizuri. Usiku mikono inakufa ganzi, nawaza kwamba na mimi yameanza. Na huko nyumbani mama mdogo amemnunulia dada makopo ya unga wa kuongeza kinga, anasema dada anaumwa kwa sababu kinga yake imeshuka. Dada anaunywa ili asimuudhi.

Nina hiyo jeni? Nipime? Na watoto nitakaozaa je? Na huo unga una ubaya wowote?

Mdogo Mtu

* * *

Marahaba, mwanangu.

Nianze na wifi yako, maana ndiye aliyekukosesha usingizi. Alichosoma si uongo. HLA ipo, na inahusika na MS kuliko jeni nyingine yoyote inayojulikana. Watafiti walianza kuuona uhusiano huo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alichokosa ni kujua jeni hiyo inafanya kazi gani. Hairithishi ugonjwa. Kinachorithiwa ni tabia fulani ya kinga ya mwili, na tabia hiyo wanayo watu wengi mno ambao hawataugua MS hata siku moja.

Katika damu yetu kuna seli za kinga ziitwazo seli T. Seli hizi hazitambui kirusi kikiwa kizima; lazima zionyeshwe kipande cha protini yake. Kazi hiyo ya kuonyesha hufanywa na molekuli za HLA zinazokaa juu ya seli nyingine, na kila moja ni kama kiganja: umbo lake ndilo linaloamua itashika kipande kipi vizuri na kipi kitaiponyoka. Maelekezo ya kuziunda yapo kwenye kromosomu ya 6, nayo hutofautiana sana kati ya mtu na mtu. Ndiyo maana kupata figo ya kupandikizwa ni kazi ngumu: madaktari wanatafuta mtu ambaye HLA zake zinashabihiana na za mgonjwa.

Toleo linalotajwa sana katika MS linaitwa HLA-DRB1*15:01. Umbo lake linaweza kushika vizuri kipande cha protini ya mayelini, ule utando unaozunguka nyuzi za neva kwenye ubongo, uti wa mgongo na neva za macho. Seli T iliyoonyeshwa kipande hicho ikiwa imekwisha kuchokozwa, inaweza kuvuka mpaka ndani ya ubongo na kuanzisha uvimbe usiostahili kuwepo. Mayelini ikichubuka, taarifa za neva hukwama au huchelewa. Jicho la dada yako na miguu yake ni mambo hayo hayo, katika sehemu mbili tofauti.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa sababu hapo ndipo methali ya nyoka inapokufa.

Chukua pacha wa kufanana, wenye jeni zilezile tangu tumboni. Mmoja akipata MS, tafiti zimeonyesha kwamba mwenzake huipata katika takriban robo ya jozi, na nyingine zimeona hata chini ya hapo. Kwa hiyo wengi wa pacha hao, wenye kila jeni ya mgonjwa, hawaugui. Kwa ndugu wa kawaida kama wewe na dada yako, uwezekano ni karibu 3 kati ya 100. Geuza upande wa pili: 97 kati ya 100 hawatapata. Katika nchi ambazo ugonjwa huu umeenea zaidi, mtu asiye na ndugu mgonjwa ana uwezekano wa 2 au 3 kati ya 1,000. Wewe uko juu ya huyo, sikufichi, lakini bado uko mbali sana na hukumu uliyojitolea usiku. Watoto wako ambao dada yako atakuwa mama yao mkubwa, hatari yao ni ndogo kuliko yako, karibu 1 kati ya 100 au pungufu. Wifi yako akiuliza, mpe namba hizo.

Kuna utafiti mmoja wa Kanada, uliotoka mwaka 1995, ambao naupenda kwa ujanja wake. Watafiti waliwatazama watu wanaoishi nyumba moja na mgonjwa wa MS lakini hawana damu moja naye, yaani watoto wa kuasili na jamaa zao. Hatari yao ikakutwa ni ile ya mtu yeyote wa kawaida. Hivyo kinachoufanya MS uonekane ndani ya familia ni jeni, na si kula pamoja wala kulala chumba kimoja. Haya nayasema kwa ajili ya yeyote anayemkwepa dada yako: MS haiambukizi.

Je, unayo DRB1*15:01? Hilo siwezi kulijua, wala hujui kama dada yako mwenyewe anayo. Wagonjwa wengi hawana. Kila mtu hupokea seti moja ya HLA kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Ikiwa dada yako alipata toleo hilo kutoka kwa mzazi mmoja, na mzazi huyo ana nakala moja tu, basi na wewe uwezekano wako wa kulirithi ni nusu kwa nusu. Haya, tuseme umepima na umekutwa nalo. Kuwa nalo huzidisha hatari karibu mara tatu ukilinganisha na asiye nalo, na kwa watu wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya takriban robo ya watu wote wanatembea nalo. Karatasi ya maabara itaonyesha hatari yako imesogea kidogo juu ya ile 3 kati ya 100. Usipokutwa nalo itashuka kidogo, lakini haitafika sifuri. Majibu yote mawili yatakuacha pale pale ulipo, ila sasa ukiwa na karatasi mkononi ambayo wifi yako ataisoma kama hati ya mashtaka. Ndiyo maana madaktari wa neva hawatumii kipimo hiki kutabiri nani ataugua. Usipime. Na kama sharti la ndoa ni kipimo kisichoweza kujibu swali linaloulizwa, basi kinachotafutwa hapo si afya yako.

Tena HLA haiko peke yake. Mwaka 2019 kundi la watafiti wa nchi nyingi lilitangaza matokeo ya kulinganisha jeni za wagonjwa zaidi ya 47,000 na watu wasio wagonjwa zaidi ya 68,000. Walikuta sehemu 233 za vinasaba zinazohusiana na MS: 32 ziko katika eneo la HLA, 200 zimetawanyika nje ya eneo hilo kwenye kromosomu za kawaida, na 1 iko kwenye kromosomu ya X. Ukiacha HLA, karibu kila moja inasogeza hatari kwa kiasi kidogo sana. Na unapoangalia jeni hizo zinafanya kazi wapi, zaidi ni kwenye seli za kinga: seli T, seli B zinazotengeneza kingamwili, na hata mikroglia, ambazo ni seli za ulinzi zinazoishi ndani ya ubongo. Ndiyo sababu leo MS inatazamwa kama ugonjwa unaoanzia kwenye kinga na kuumiza neva.

Moja ya hizo ni jeni ya IL7R, iliyohusishwa na MS mwaka 2007. Seli T hutumia kipokezi chake kupokea ishara ya kuishi na kuongezeka. Toleo linaloongeza hatari hubadili namna kipokezi kinavyoundwa, kiasi kwamba vipande vingi zaidi huelea kwenye damu badala ya kubaki vimeshikamana na seli. Inatisha ukisikia hivyo, sivyo? Lakini kwa watu wenye asili ya Ulaya toleo hilo ndilo la walio wengi, wazima kwa wagonjwa. Kama kila mwenye jeni ya MS angekataliwa kuolewa, huko arusi zingekuwa chache sana.

Jeni ya pili naitaja kwa sababu inaweza kuwafaa. Inaitwa TNFRSF1A. Toleo lake la hatari huufanya mwili utengeneze protini inayonasa na kuzuia TNF, moja ya ishara za uvimbe. Zipo dawa zinazofanya jambo hilohilo, nazo husaidia sana watu wenye baridi yabisi ya viungo na baadhi ya magonjwa ya utumbo. Zilipojaribiwa kwa wagonjwa wa MS, ziliwazidishia ugonjwa. Na mwaka 2012 watafiti wakaonyesha kwamba jeni hii inaiga kazi ya dawa hizo. Basi daktari yeyote akitaka kumwandikia dada yako dawa ya kuzuia TNF kwa maradhi mengine, lazima ajue kwanza kuhusu MS. Na wewe ukiwahi kuandikiwa dawa ya aina hiyo, taja kwamba una ndugu mgonjwa. Hapo historia ya ukoo ina kazi ya kweli.

Sasa swali ambalo hukuuliza: kama pacha wana jeni moja, nini humtenga mgonjwa na mzima?

Kirusi ndicho cha kwanza. Kinaitwa Epstein-Barr, na karibu watu wazima wote wamekwisha kukipata, wengi wakiwa watoto bila hata kujua. Mwaka 2022 ulitoka utafiti uliofuatilia damu iliyohifadhiwa ya wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10. Kati yao 801 walipata MS na damu yao ikachunguzwa. Hatari ya MS ilipanda mara 32 baada ya mtu kuambukizwa kirusi hicho, na haikupanda baada ya kuambukizwa virusi vingine. Mwaka huohuo watafiti wengine walionyesha kwamba kingamwili za baadhi ya wagonjwa zinazolenga protini moja ya kirusi hicho hushika pia protini iliyomo ndani ya ubongo, kwa sababu zinafanana sehemu. Lakini karibu sote tunacho kirusi, na wachache mno wanaugua. Ni pale kirusi kinapokutana na kinga yenye mwelekeo fulani ndipo njia hufunguka, na hata hapo si kwa kila mtu.

Cha pili ni sigara, na hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko kote. Watafiti wa Sweden mwaka 2011 waliangalia watu wenye DRB1*15 na ambao pia hawana HLA-A*02, toleo jingine ambalo hukinga. Wasiovuta katika kundi hilo walikuwa na hatari karibu mara 5 ya watu wasio na DRB1*15, wenye A*02, na wasiovuta. Waliokuwa wanavuta, hatari ilizidi mara 13. Kwa hao wasio na DRB1*15 lakini wenye A*02, sigara peke yake iliongeza kidogo tu. Moshi huchokoza mapafu, na seli za kinga zinazopita humo zinaweza kuwashwa. Mwenye HLA ya aina fulani huumia zaidi. Moshi wa jirani nao unahesabika. Kama wewe au mchumba wako mnavuta, kuacha kuna faida kubwa kuliko kipimo chochote cha jeni. Unene wa kupindukia katika umri wa ujana nao huongezea nguvu jeni hizihizi, na upungufu wa vitamini D umehusishwa na hatari kubwa zaidi. Usimeze dozi kubwa za vitamini kwa kubahatisha, pima kiwango chako kwanza.

Najua pia unamwogopea dada, kwamba kama ni jeni basi hali yake itazidi tu. Jeni za kuupata ugonjwa na jeni zinazohusiana na kasi yake si zilezile. Mwaka 2023 watafiti waliochunguza wagonjwa zaidi ya 12,000 walipata sehemu moja ya vinasaba, karibu na jeni za DYSF na ZNF638, iliyohusiana na kasi ya kudhoofika. Wenye nakala mbili za toleo la hatari walihitaji fimbo ya kutembelea mapema zaidi kwa takriban miaka 3.7. Jeni hizo zinaelekea kufanya kazi ndani ya ubongo na uti wa mgongo zaidi kuliko kwenye kinga. DRB1*15:01, ile anayoijua wifi yako, haisemi lolote la maana kuhusu dada yako atakuwaje baada ya miaka 10. Dawa anazotumia, na kuzianza mapema, ndizo zinazobadilisha mambo.

Sasa makopo ya mama mdogo. Nia yake ni njema, lakini wazo lake limesimama kichwa chini. Kinga ya dada yako haijashuka, imekosea inapopiga. Mwaka 1987 madaktari waliwapa wagonjwa 18 wa MS interferoni gama, kitu kinachoamsha kinga kwelikweli. Wagonjwa 7 wakapata mashambulio wakati wa matibabu, jaribio likaachwa. (Isichanganywe na interferoni beta, ambayo ni dawa ya MS na inafanya kazi tofauti kabisa.) Unga wa dukani mara nyingi hauna nguvu yoyote ile, lakini baadhi una mimea inayodaiwa kuchochea kinga, na mwingine una vitu visivyoandikwa kwenye kopo. Dawa nyingi za MS kazi yake ni kuituliza kinga au kuondoa baadhi ya seli zake. Zile za kuondoa seli B, kama ocrelizumab, ni miongoni mwa zenye nguvu zaidi. Kutumia dawa ya kutuliza kinga na papo hapo kunywa unga wa kuichochea hakuna maana. Kopo lipelekwe kwa daktari wake alione. Mama mdogo umwambie wewe, maana dada ataona haya: mwambie daktari amekataza. Ni uongo mdogo mpaka mkamwone daktari, kisha utakuwa kweli.

Mikono yako. Ganzi ya usiku inayoisha ukikung'uta mkono au ukibadili mkao, mara nyingi ni neva iliyobanwa kwenye kiwiko au kifundo cha mkono. Dalili za MS kwa kawaida hukaa zaidi ya saa 24 mfululizo, mara nyingi siku hata wiki. Ukipata ukungu wa jicho wenye maumivu, ganzi inayopanda kutoka miguuni hadi kiunoni, kuona vitu viwiliviwili, au udhaifu wa upande mmoja usioisha, nenda hospitali na uwaambie kuhusu dada yako. Kwa sasa muone daktari wa kawaida kwa hiyo mikono, na kwa usingizi pia.

Mchumba wako mwambie mwenyewe kabla hajasikia kwa dada yake. Anza na ugonjwa wa dada yako na hizo namba, kisha mweleze alichokwambia wifi, neno kwa neno, bila kuongeza chumvi. Mtazame unapofikia habari ya nyoka. Jibu lake hapo ndilo linalokuhusu katika ndoa hii, na si la wifi. Kama na yeye atasema upime, muulize angefanya nini na majibu, na umwache ajibu mpaka mwisho.

Mwisho, usidhani nakataa kila kipimo cha jeni. Kipo kimoja ambacho kwa MS kina kazi halisi, nacho kinamhusu dada. Daktari akimbadilishia dawa na kumpa siponimod, lazima apimwe kwanza jeni ya CYP2C9. Jeni hii haihusiani na kinga. Ndiyo inayoongoza namna ini linavyoivunja dawa hiyo. Wenye nakala mbili za toleo liitwalo *3 hawapewi kabisa, na wengine hupewa dozi ndogo. Kama itafika huko, mwambie aulize kuhusu kipimo hicho kabla ya kumeza kidonge cha kwanza.

Shangazi